Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chipu Mbadala za Kumbukumbu za ZX Spectrum na Commodore 64

ZX Spectrum ya Sinclair Research ya Uingereza na Commodore 64 ya Marekani zilitoka mwaka mmoja, 1982, na leo zote mbili hufika mezani kwa fundi zikiwa na ugonjwa uleule: skrini imejaa mistari na vijisanduku visivyo na maana, au ni nyeusi tupu, na chanzo mara nyingi ni chipu ya kumbukumbu iliyokufa. Kampuni zilizotengeneza chipu hizo ziliacha kazi hiyo miaka mingi iliyopita. Anayetaka kuiona mashine yake ikiwaka tena hana budi kutafuta chipu ya zamani, pengine ya kampuni nyingine na yenye namba nyingine, itakayokaa mahali pa ile iliyokufa na kufanya kazi ileile.

Namba iliyochapwa mgongoni mwa chipu ni jina tu. Chipu mbili zenye majina yasiyofanana hata kidogo zinaweza kuwa pacha, ilhali 4116 na 4816, ambazo majina yake yanatofautiana kwa tarakimu moja, haziwezi kubadilishana nafasi, kwa sababu ya kwanza inahitaji volti za aina tatu na ya pili inatumia volti 5 peke yake. Kwa hiyo anayenunua kwa kutazama jina bila kusoma sifa zilizo nyuma ya jina hilo anaweza kupoteza fedha na mashine kwa pamoja.

Hatua ya 1: Pima umeme kabla ya kuilaumu kumbukumbu

Chipu mpya ikiwekwa kwenye bodi yenye umeme mbovu itaungua kama ile ya kwanza. Katika ZX Spectrum ya kilobaiti 48, kumbukumbu imegawanyika sehemu mbili. Kilobaiti 16 za chini zimo ndani ya chipu nane za 4116, zenye alama IC6 hadi IC13 kwenye bodi, na kilobaiti 32 za juu zimo ndani ya chipu nyingine nane, kuanzia IC15 hadi IC22. Weka waya mweusi wa multimita kwenye mguu wa 16 wa mojawapo ya zile 4116, ambao ndio ardhi, kisha uguse mguu wa 1, ambao unapaswa kuonyesha volti 5 hasi, mguu wa 8 unaopaswa kuonyesha volti 12, na mguu wa 9 unaopaswa kuonyesha volti 5. Zile volti 12 na volti 5 hasi hutengenezwa hapohapo kwenye bodi na saketi ndogo yenye koili na transista za TR4 na TR5. TR4 ikifa, volti hizo hutoweka, na 4116 inayoendelea kupata volti nyingine huku volti 5 hasi haipo huharibika kwa muda mfupi. Ndiyo maana TR4 mbovu na chipu mbovu za chini hukutwa pamoja mara kwa mara, na anayebadilisha chipu bila kutengeneza saketi hiyo atarudia kazi.

Kwa Commodore 64, hatari iko nje ya kompyuta, ndani ya kile kifaa kizito cha umeme kilichouzwa nayo. Kirekebisha volti kilichomo humo kikichoka huweza kupandisha volti 5 hadi kiwango kinachoua chipu za kumbukumbu moja baada ya nyingine. Pima volti 5 kwenye plagi kabla ya kuichomeka. Ikizidi 5.25, usiitumie hata kwa jaribio la dakika moja. Tafuta kifaa kipya kilichotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo.

Hatua ya 2: Tambua ni chipu ipi iliyokufa

Kila sehemu ya kumbukumbu ya Spectrum, na Commodore 64 isipokuwa baadhi ya bodi zake za mwisho, hutumia chipu nane zenye upana wa biti moja, yaani kila chipu hushika biti moja kati ya nane za kila baiti. Hilo ni jambo la heri, kwa maana biti ikijulikana, chipu nayo imejulikana.

Spectrum ambayo sehemu yake ya juu imeharibika kwa kawaida bado huwaka, lakini hujiona kuwa mashine ya kilobaiti 16. Utatumia amri mbili: PEEK, inayosoma namba iliyo kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, na POKE, inayoiandika. Andika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733. Jibu likiwa 65535, kumbukumbu yote imeonekana; likiwa 32767, sehemu ya juu haikutambuliwa. Baada ya hapo andika POKE 40000,0 na kisha PRINT PEEK 40000. Ukirudishiwa 8 badala ya 0, biti ya 3, yenye thamani ya 8, imeganda kwenye moja. Andika pia POKE 40000,255 na usome tena. Ukipata 247, yaani 255 kutoa 8, biti hiyohiyo imeganda kwenye sifuri. Biti ya 0 iko kwenye IC15 na biti ya 7 iko kwenye IC22, kwa hiyo biti ya 3 ni IC18. Rudia kwenye anwani kadhaa, kwa mfano 32768, 50000 na 65535, kwa sababu chipu inaweza kufa nusu tu. Biti zote zikionekana mbovu kwa pamoja, usiagize chipu nane: shuku kwanza chipu za 74LS157 zinazopeleka anwani, IC25 na IC26.

Sehemu ya chini ni ngumu zaidi, kwa kuwa picha ya skrini na hesabu za ndani za BASIC, lugha ya programu ya mashine hiyo, hukaa humo, na kompyuta haifiki mahali pa kukuruhusu kuandika chochote. Tazama mistari ya wima. Ikijirudia kila baada ya nukta nane, mahali pake ndani ya kila kundi la nane panataja biti, ambapo nukta ya kushoto kabisa ni biti ya 7, yaani IC13, na ya kulia kabisa ni biti ya 0, yaani IC6. Mistari isiposomeka, itabidi utumie programu ya uchunguzi inayochomekwa nyuma ya mashine na kuchukua nafasi ya ROM, yaani chipu yenye programu ya kudumu ya mashine.

Commodore 64 nzima husalimia kwa maneno 38911 BASIC BYTES FREE. Namba ikiwa ndogo kuliko hiyo, jaribio la kumbukumbu linalofanyika wakati wa kuwaka limesimama mahali fulani njiani, na mahali hapo pana kasoro. Skrini ikiwa nyeusi tupu, katriji ya uchunguzi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine iliyokufa huwasha na kuzima skrini mara kadhaa, na idadi ya mara hizo hutaja chipu. Maandishi yakiwa sahihi lakini rangi zake zikiwa zimechanganyikana, usiguse zile chipu nane; tatizo linaelekea kuwa kwenye chipu ya pekee ya rangi, 2114, nitakayoirudia baadaye.

Hatua ya 3: Linganisha mambo matano

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tafuta karatasi ya sifa za chipu iliyokufa, ambayo mafundi huiita datashiti, pamoja na ile ya chipu unayotaka kununua, uziweke kando kwa kando, kisha upitie mambo matano bila kuruka hata moja.

La kwanza ni mpangilio. 4116 ina nafasi 16,384 za biti moja moja. 4164 ina nafasi 65,536 za biti moja moja, na 41256 ina mara nne ya hizo. 4464, ambayo pia huandikwa 41464, ina nafasi 65,536 lakini kila nafasi ina biti nne, kwa hiyo chipu mbili tu zinatosha kilobaiti 64. Commodore 64 za mwanzo zina chipu nane za 4164, ilhali baadhi ya bodi zake za mwisho zina mbili za 41464. Fungua kasha na uhesabu kwa macho yako kabla ya kuagiza.

La pili ni volti. 4116 inataka volti 12, volti 5 na volti 5 hasi. 4164 inataka volti 5 tu.

La tatu ni mpangilio wa miguu, na hapa pana mtego uliowagharimu wengi. 4116 na 4164 zote zina miguu 16, na miguu mingi inafanya kazi ileile mahali palepale. Lakini mguu wa 8 wa 4116 hupokea volti 12, wakati mguu wa 8 wa 4164 ndio unaopokea volti 5. Mguu wa 9, ambao kwa 4116 ni wa volti 5, kwa 4164 ni wa anwani A7. Mguu wa 1, ambao kwa 4116 ni wa volti 5 hasi, kwa 4164 nyingi hauunganishwi na kitu. Maana yake ni kwamba 4164 inaingia vizuri kabisa kwenye soketi ya 4116, na umeme ukiwashwa inapokea volti 12 mahali pa volti 5 na kuungua. Nimepoteza chipu nzuri kwa njia hiyo, usiku, nikiwa na haraka ya kumaliza, na tangu siku hiyo hubandika karatasi yenye neno 12V juu ya IC6 hadi IC13 kabla ya kufungua mfuko wa chipu.

La nne ni kasi, ambayo hupimwa kwa nanosekunde, na namba ndogo ndiyo yenye kasi kubwa. Kwa sehemu ya chini ya Spectrum chagua chipu za 150 au chini ya hapo. Kwa sehemu ya juu na kwa Commodore 64, za 200 au chini ya hapo. Chipu yenye kasi kuliko ile ya mwanzo karibu daima inafaa, lakini iliyo ya polepole kuliko ile ya mwanzo haifai. Ugumu ni kwamba kila kampuni iliandika kasi kwa namna yake. Texas Instruments iliandika -15 kwa nanosekunde 150 na -20 kwa 200, jambo lililo wazi. Hitachi iliandika HM4864-2 kwa 150 na HM4864-3 kwa 200. NEC ilifanya kinyume: µPD4164-2 ni ya 200, na µPD4164-3 ndiyo ya 150. Anayechukulia kwamba -2 ni kasi ileile popote atakosea, na kosa hilo halionekani mara moja, kwa kuwa mashine inaweza kuwaka vizuri asubuhi kisha ikaanza kukosea ikipata joto.

La tano ni kuhuisha, na ndilo linalosahauliwa kuliko mengine yote. Kumbukumbu ya aina hii hushika data kwa chaji ndogo ya umeme inayovuja, kwa hiyo kila safu lazima ipitiwe tena na tena ndani ya muda uliowekwa, la sivyo data hupotea. 4164 nyingi zinahitaji safu 128 zihuishwe kila milisekunde 2, lakini TMS4164 ya Texas Instruments inahitaji safu 256 kila milisekunde 4, sawa na 41256. Prosesa ya Z80 iliyomo ndani ya Spectrum ina kihesabu cha kuhuisha chenye biti saba, yaani inafikia safu 128 tu. Kwa hiyo kwenye sehemu ya juu ya Spectrum tafuta 4164 ambayo datashiti yake inataja safu 128. Commodore 64 haina shida hiyo, kwa sababu chipu yake ya picha, VIC-II, huhuisha safu zote 256.

Hatua ya 4: Wafahamu pacha kwa majina yao

Ukishaelewa mambo matano, majina hayatishi tena. Chipu aina ya 4116 utaikuta ikiitwa MK4116 kwa Mostek, µPD416 kwa NEC, MB8116 kwa Fujitsu, HM4716 kwa Hitachi, MM5290 kwa National Semiconductor, TMM416 kwa Toshiba na 2117 kwa Intel. Katika iliyokuwa Umoja wa Kisovyeti iliitwa K565RU3, na Ujerumani Mashariki iliitwa U256. Jina hilo la mwisho hupotosha sana, kwa sababu mtu akiona 256 hudhani ni kilobiti 256, kumbe ni 16.

Aina ya 4164 ina majina mengi zaidi: HM4864 ya Hitachi, MB8264 ya Fujitsu, MSM3764 ya OKI, M5K4164 ya Mitsubishi, KM4164 ya Samsung, MT4264 ya Micron, MCM6665 ya Motorola, K565RU5 ya Kisovyeti na U2164 ya Ujerumani Mashariki. Angalia tofauti kati ya MCM6665 na MCM6664: hii ya pili hutumia mguu wa 1 kwa kazi ya kuhuisha, hivyo haifai kuwekwa mahali ambapo mguu huo umeachwa wazi. Herufi zinazofuata namba, kama P ya Hitachi au C ya NEC, hutaja tu ganda la plastiki na hazibadilishi lolote katika utendaji.

41256 inaweza kuwekwa mahali pa 4164 kwenye Commodore 64, nayo hupatikana kwa urahisi zaidi, lakini mguu wake wa 1 ni anwani ya ziada, A8, ambao haupaswi kuachwa ukielea. Ukunje mguu huo juu kidogo, kisha uunganishe kwa waya mfupi na mguu wa 16 ulio mkabala nao, ambao ni ardhi. Chipu itatumia robo yake tu, na robo hiyo inatosha.

Chipu ya rangi ya Commodore 64, 2114, ni ya aina nyingine kabisa. Ina miguu 18, nafasi 1,024 za biti nne nne, na haihitaji kuhuishwa. Zile zilizoandikwa 2114 bila kiambishi cha kasi kwa Intel ni za nanosekunde 450, ambazo ni za polepole; tafuta 2114-2 au nyingine ya 200. Herufi L katika 2114L huonyesha kwamba inakula umeme kidogo, nayo inafaa.

Hatua ya 5: Suala la nusu chipu ndani ya Spectrum

Sinclair, kwa kutafuta bei nafuu, ilijaza sehemu ya juu ya Spectrum kwa chipu za kilobiti 64 zilizotoka kiwandani zikiwa na nusu moja mbovu, zikauzwa kama za kilobiti 32. Za Texas Instruments ziliitwa TMS4532, za OKI ziliitwa MSM3732, na alama ya ziada ilitaja nusu iliyo nzima: 3 au 4 kwa ile ya kwanza, L au H kwa ile ya pili. Bodi ina viungo vya waya vinavyotaja kampuni na nusu inayotumika, na chipu zote nane lazima ziwe za kundi moja.

Ukitafuta nusu chipu ileile utahangaika bure. Weka 4164 nzima. Kwa kuwa nusu zake zote mbili ni nzima, itafanya kazi kwa kiungo chochote kilichopo, bega kwa bega na nusu chipu saba zilizobaki, mradi masharti ya kasi na kuhuisha yatimizwe. Usiguse viungo hivyo ikiwa hata nusu chipu moja bado imo.

Kuhusu sehemu ya chini, wapo wanaobadilisha bodi ili ikubali 4164 zote nane na kuachana na 4116 moja kwa moja. Jambo hilo linawezekana, lakini si la anayeanza, kwani volti 12 haziwezi kuondolewa tu: chipu ya rangi ya LM1889 inazihitaji pia. Vipo vijibodi vilivyotengenezwa tayari vinavyoingia kwenye soketi za IC6 hadi IC13, na kwa maoni yangu hivyo ni bora kuliko kukata njia za bodi ya mwaka 1982.

Hatua ya 6: Mahali pa kuzipata na namna ya kukagua

Chanzo ninachokiamini kuliko vingine ni bodi nyingine ya zamani. Kompyuta za ofisi za aina ya IBM PC na nakala zake, kadi za picha na printa za miaka ya 1980 zilijaa 4164, 41256 na 4464, nyingi zikiwa kwenye soketi. Kwa aliye Tanzania bodi za namna hiyo ni haba kuliko Ulaya, kwa kuwa uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974 na ukalegezwa polepole baadaye, kwa hiyo wengi wetu huagiza nje. Ukiagiza, ongeza chipu mbili au tatu za akiba, kwa sababu usafiri wa chipu kumi hautofautiani sana na wa moja.

Zikifika, zikague kabla ya kuzilehemu. Namba ya tarehe huwa na tarakimu nne, mbili za mwaka na mbili za wiki, hivyo 8341 ni wiki ya 41 ya mwaka 1983. 4164 yenye tarehe ya miaka ya karibuni imeandikwa upya, na jina lake haliaminiki. Futa mgongo kwa pamba yenye asetoni; maandishi yakitoka kama rangi mbichi na chini yake ukaonekana uso mwingine, irudishe. Niliwahi kupokea mfuko wa 4164 zilizometameta, miguu yake ikiwa imenyooka kuliko ilivyo kawaida kwa chipu za umri huo, na kati ya kumi nne tu zilihifadhi data. Kwa sababu hiyo nashauri ujenge kipimo kidogo kwa Arduino, kibodi cha bei nafuu kinachopangiwa programu, chenye soketi ya miguu 16. Michoro na programu zake hupatikana bila malipo, na kazi yake ni kuandika na kusoma kila nafasi ya chipu kwa sekunde chache.

Hatua ya 7: Kufunga na kuthibitisha

Usijaribu kuinusuru chipu iliyokufa. Kata miguu yake yote kwa koleo jembamba karibu na ganda, kisha utoe mguu mmoja mmoja kwa joto la kiasi, kwani kinachostahili kulindwa ni njia nyembamba za shaba kwenye bodi. Safisha matundu kwa kifyonza lehemu, lehemu soketi, na upime tena volti kwenye miguu ya soketi ikiwa tupu. Kwenye sehemu ya juu ya Spectrum na kwenye Commodore 64, mguu wa 8 uonyeshe volti 5 na mguu wa 16 uwe ardhi. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili kutoa umeme tuli mwilini, linganisha alama ya mguu wa 1 na ya chipu za jirani, ndipo uichomeke.

Washa kwa sekunde kumi na uguse chipu zote nane kwa kidole. Iliyo moto kupita wenzake ni mbovu au imegeuzwa. Zikiwa sawa, rudia majaribio ya PEEK na POKE ya hatua ya 2, kisha iache mashine ikiwaka saa nzima chini ya programu ya uchunguzi, maana kasoro za kasi na za kuhuisha hujitokeza baada ya joto kupanda. Andika kwenye karatasi jina la chipu uliyoweka, kasi yake, tarehe yake na nafasi yake, na uifungie ndani ya kasha ili fundi atakayefungua mashine hiyo baada yako aikute.